Dago la Lori: Kando ya Jangwa la Namib

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Chake Chake, Pemba, mbele ya vijana wanaosomea utalii na upishi, pamoja na wazee waliokuja kuwasindikiza. Siku ile ilinyesha mvua kubwa na wengi walishindwa kutoka majumbani, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyo. Picha tulizozionesha ukutani nimeziondoa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wetu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma mkaacha viti vya mbele vitupu. Sogeeni. Sogeeni jamani, mimi siulizi maswali ya mtihani.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu. Kazi yangu ni mpishi wa lori. Najua wapo watu hapa wakisikia mpishi wa lori wanafikiri nawapikia mafundi wa gereji. Sivyo. Lori ninalosema ni lile kubwa lililokatwa madirisha ubavuni, ndani lina viti vya abiria ishirini na kitu, chini yake lina makabati ya vyungu, mitungi ya gesi, mahema, meza za kukunja na matangi ya maji. Linaondoka Cape Town, linapanda na Namibia, linapita Botswana, Zambia na Malawi, linaingia kwetu Tanzania, linakwenda kumalizia Nairobi.

Wageni wake mnawajua. Ndio wale mnaowakuta Nungwi na Kendwa, nywele zimekauka, viatu vina vumbi jekundu, siku mbili za mwanzo hawafanyi kitu ila kulala chini ya mvinje. Lori wameliacha Dar es Salaam, wao wamevuka kwa boti. Kwetu sisi huku visiwani, wageni hawa wanaanza pale wanapokanyaga gati. Nani kati yenu amewahi kumuuliza mmoja wao ametokea wapi? Siulizi nchi aliyozaliwa. Nauliza njia. Nani ameuliza, "Umepita wapi hata ukafika hapa?"

Leo nataka niwapeleke kwenye kipande kimoja tu cha njia ile. Pwani ya Namibia. Pwani ambayo jangwa limekuja mpaka likaigusa bahari.

Sisi hapa tumezaliwa tukijua kwamba penye bahari pana mvua. Pana minazi, pana mikoko, pana matope ya kuvulia chaza, pana mikarafuu kwenye vilima. Mtoto wa Kojani kama mimi ukimwambia kuna pwani haina hata jani, atakuuliza umekula nini. Basi ipo. Jangwa la Namib linaanzia kusini mwa Angola, linateremka na Namibia yote, linaishia Afrika Kusini. Karibu kilomita 2,000 za pwani. Wimbi linapasuka miguuni pako, ukigeuka nyuma ni mchanga, na baada ya mchanga ni mchanga. Mji wa Swakopmund, uliopo palepale ufukweni, mvua yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 25. Hapa Pemba hiyo ni mvua ya asubuhi moja ya Aprili.

Kwa nini? Bahari si ile ile ya maji ya chumvi?

Sababu ni baridi. Bahari yetu ni ya moto. Upepo wa kaskazi na wa kusi unapita juu ya maji ya moto, unabeba mvuke, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, mvua inashuka. Kule unapita mkondo wa Benguela, maji ya baridi yanayotoka kusini, na upepo unazidi kuyavuta maji ya chini kabisa yaje juu. Hewa iliyo juu ya maji hayo inakuwa baridi na nzito. Haipandi. Isipopanda haijengi wingu la mvua. Inatambaa tu, inageuka ukungu, na ukungu huo unaingia nchi kavu kilomita nyingi kila unapojisikia. Zaidi ya siku 100 kwa mwaka pwani ile inaamka ndani ya ukungu.

Sasa mnaona ajabu ya Mwenyezi Mungu. Baridi ile ile inayoinyima nchi mvua ndiyo inayoilisha bahari. Maji yanayopanda kutoka chini yanakuja na rutuba, na samaki wake hawana hesabu. Ndiyo maana Walvis Bay ni bandari kubwa ya uvuvi na huku nyuma yake hakuna shamba hata moja la muhogo. Mvuvi atatajirika, mkulima atakufa na njaa, na wote wako mtaa mmoja.

Niwape kisa. Kundi langu la mwanzo lilipofika Swakopmund, kulikuwa na dada mmoja wa Australia, muuguzi. Alikuwa amejaza begi lake kaptura na mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu ameambiwa anakwenda jangwani. Tulishuka saa nne asubuhi, ukungu umefunga, mtu wa hatua ishirini humuoni. Yule dada alitetemeka mpaka akavaa mfuko wake wa kulalia mabegani, akatembea nao mjini hivyo hivyo kutafuta sweta. Tulimcheka. Mimi nikasema, mie mtoto wa maji, naingia kuogelea. Niliingia kwa mbwembwe, nikatoka kimya. Yale maji wallahi si ya mtu wa Bahari ya Hindi.

Ukungu huo ndio mvua yao. Kuna mdudu mmoja mweusi, mbawakawa, anapanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, anasimama kichwa chini, makalio juu, akiukabili ukungu. Umande unajikusanya mgongoni mwake, unateremka, unamwingia mdomoni. Anakunywa, anakwenda zake. Kuna mmea unaitwa Welwitschia, majani mawili tu tangu unaota mpaka unakufa, nayo yanachanika na upepo yakaonekana mengi. Mmoja unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Na kuna watu, Watopnaar, wanaoishi kandokando ya mto Kuiseb. Wanakula tunda la nara, linalofanana na tikiti lenye miiba, ambalo mizizi yake inafuata maji chini kabisa ya mchanga. Kwa hiyo mtu asije akawaambia jangwa ni tupu. Anayesema hivyo amepita na kioo cha gari kimefungwa.

Wazee wetu walisema bahari iliko ndiko mito iendako. Enhe, huko methali hii inakwama. Upo mto unaitwa Tsauchab. Mvua ikinyesha milimani, na si kila mwaka, maji yanateremka kuelekea baharini mpaka yanafika pahala panaitwa Sossusvlei. Hapo yanakutana na ukuta wa vilima vya mchanga, vingine vinapita mita 300 kwenda juu. Mto unakufa hapo. Bahari bado iko mbali. Pembeni kidogo pana bonde jingine, Deadvlei, ambalo maji yaliacha kulifikia zamani sana. Miti yake ilikufa miaka mamia iliyopita na mpaka leo imesimama, myeusi, haijaoza. Hapa kwetu boriti ukiliacha nje masika mawili, la tatu ni chakula cha mchwa. Kule hata mchwa hana maji ya kufanyia kazi.

Na maji ndiyo yaliyonipa mtihani wa sala. Tangi la lori lina kipimo, na kipimo chetu kilikuwa kunywa kwanza, kupika pili, kukosha vyombo tatu, kuoga ukifika penye kambi yenye bomba. Udhu uko wapi hapo? Nikawa natayamamu. Najua sheikh wetu aliyekaa hapo mbele ameshaanza kuniangalia, anataka kuniuliza: sisi Mashafii tunataka udongo wenye vumbi, wewe ulipiga mikono kwenye mchanga mtupu? Hapana sheikh wangu, nilikuwa natafuta penye vumbi, na Namibia unaweza kukosa kila kitu, vumbi hukosi. Mzee mmoja wa Kiholanzi alinitazama siku ya pili, ya tatu, mwisho akaja akauliza, dini yako imejuaje habari za jangwa? Nikamwambia, imezaliwa huko.

Sasa nije kwenye lori lenyewe, maana hapa ndipo penye kazi.

Nyinyi mnajua dago. Wavuvi wa Kojani tunakwenda dago, tunahama na nyavu zetu na vyungu vyetu, tunapiga kambi ufukwe wa watu miezi mizima, nahodha wetu mmoja, chungu chetu kimoja. Lori lile ni dago. Dereva ndiye nahodha. Kiongozi wa safari anajua nchi na wenyeji. Mpishi anashika chungu. Na wageni, hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa, wageni ni wavuta nyavu. Kila siku kuna zamu. Hawa leo wanakata vitunguu, hawa wanakosha vyombo, hawa wanapakia mahema juu, hawa wanafagia ndani ya gari. Viti vinabadilishwa kila asubuhi, asipatikane mtu wa kusema dirisha la mbele ni langu.

Kwa nini mgeni aliyelipa pesa zake afanye kazi? Swali zuri. Jaribuni kufikiri. Jioni mmefika, jua linazama, upepo unavuma, mahema yapatayo kumi na mawili hayajasimama, na watu ishirini na zaidi wana njaa. Wafanyakazi watatu watafanya nini? Wakifanya wao wote, chakula kitaliwa saa sita za usiku na alfajiri hakuna atakayeamka. Kila mtu akishika lake, saa moja na nusu mko kwenye viti mnakula.

Tulikuwa na kijana mmoja Mwingereza, mwanasheria. Siku ya kwanza akanambia kwa adabu kabisa kwamba yeye amelipia huduma. Nikamwambia sawa. Hakugombana naye mtu. Alikula, akaweka sahani, akaenda kupiga picha nyota. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu bibi mmoja wa Kanada, umri wake umepita miaka sabini, akaichukua ile sahani, akaikosha mbele ya macho yake, akampa mkononi aikaushe. Hakutamka neno. Kesho yake asubuhi kijana nilimkuta kwenye mabeseni kabla sijafika mimi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi yule sidhani kama alipata kuisikia methali hii, lakini aliitekeleza kwa tarehe.

Hayo mabeseni nataka vijana wa upishi mnisikilize. Ni matatu. La kwanza maji ya moto na sabuni, la pili maji ya kusuuza, la tatu maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Kisha sahani haifutwi kwa kitambaa. Mkitumia kitambaa kimoja, mtu mmoja akiharisha, kesho lori zima linaharisha, na choo kilichopo ni nyuma ya kilima. Sahani inapepewa. Unashika mbili, moja kila mkono, unazipunga hewani mpaka zikauke. Jioni ukiangalia kwa mbali utafikiri watu wazima ishirini wamepagawa. Lakini kwenye jangwa zinakauka kabla hujamaliza kuhesabu.

Upishi wenyewe? Upepo ndio adui. Jiko la gesi unalikinga na makabati ya lori, na dereva mjuzi anaegesha gari kwa kutazama upepo wa mpishi kabla ya kutazama mandhari. Unga wa ngano usiufungue nje. Barafu ya deli ukiipata mjini ni ya kuzuia nyama isiharibike, si ya kupozea soda za watu. Wali wa nazi niliwapikia, nazi ya kopo, Mungu anisamehe. Na nyama ya choroa, yule paa mkubwa wa jangwani, nilijifunza kuipika kwa sababu huko ndiyo nyama yao. Mimi mwenyewe nilikula samaki, maana sikujua imechinjwa vipi.

Barabara nayo ina mambo yake. Kaskazini ya Swakopmund kuna kipande cha barabara ya chumvi. Nasema chumvi kweli, si mfano. Wanachanganya jasi na maji ya chumvi, wanashindilia, ikikauka inakuwa ngumu unaweza kuapa ni lami. Ukungu ukiingia, uso wake unateleza. Dereva wetu, Mkamba wa Kenya, akifika hapo anapunguza mwendo mpaka abiria wanalalamika, na magari madogo yanatupita yakipiga honi. Moja tulilikuta mbele limelala ubavu nje ya barabara, wenyewe wamesimama salama, wanapiga simu isiyo na mtandao. Dereva akashuka, akawapa maji, akatoa kamba. Hakusema niliwaambia. Na penye mchanga laini anapunguza upepo wa tairi, zinatanuka, gari linapita juu badala ya kuchimba. Mkitoka mchangani mnasimama nusu saa kujaza tena. Nusu saa hiyo mimi ndipo napika chai.

Ndugu zangu, sasa nina jambo zito kidogo.

Ukiendelea kaskazini unafika mto Ugab, mkavu, na pale pana geti lenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Ndiyo mlango wa hifadhi ya Pwani ya Mifupa. Mifupa ya nyangumi, mifupa ya sili, na mifupa ya meli. Ukungu, mikondo na mawimbi vimezivuta meli kwenye mchanga ule kwa karne nyingi. Kuna meli inaitwa Eduard Bohlen ilikwama mwaka 1909. Leo iko katikati ya mchanga, bahari imeondoka imeiacha. Kuna chombo cha uvuvi, Zeila, kilikwama mwaka 2008 karibu na Henties Bay, nacho unakiona kutoka ufukweni, makundi ya ndege yamekaa juu, hata rangi yake hujui.

Wageni wanazipenda sana. Wanashuka, wanapiga picha, wanacheka, wanaruka wapigwe picha wakiwa hewani. Mimi nilikaa kwenye gari. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kufahamishwa chombo kuzama ni nini. Septemba 2011, Spice Islander iliondoka Unguja kuja hapa kwetu. Niendelee? Hakuna mtaa kwenye kisiwa hiki usiojua. Yule bibi wa Kanada akarudi kwenye gari, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza. Akaenda akawaambia wenzake, na walivyorudi walikuwa wameshatulia, wakaniuliza maswali ya maana.

Basi kiongozi wetu usiku ule akatupa kisa cha meli nyingine, na hiki nakileta kwenu kama nilivyokipokea, kwa sababu kina malori ndani yake.

Novemba 1942, wakati wa vita, meli ya Kiingereza inaitwa Dunedin Star iligonga kitu, ikaanza kuingia maji. Nahodha akaamua kuipandisha ufukweni isizame. Ilikuwa na watu zaidi ya 100, wamo wanawake na watoto wachanga. Wakaanza kuwashusha kwa boti ndogo. Boti ikapigwa na mawimbi ikaharibika, watu zaidi ya nusu wako nchi kavu, wengine wamebaki melini. Walio melini walichukuliwa na meli nyingine. Walio nchi kavu, je? Mbele yao bahari isiyoingilika, nyuma yao jangwa lisilo na barabara.

Ikaja meli ya kuvuta kusaidia, nayo ikakwama, na watu wawili wakafa. Zikaja ndege, zikawa zinadondosha maji ndani ya mipira ya tairi, mingine ikapasuka ilipogonga chini. Hebu fikirini, mko kwenye kiu, mnaona maji yanatoka mbinguni yanamwagika mchangani. Ndege moja ikajitosa ikatua, iwabebe wanawake na watoto. Ikazama kwenye mchanga. Ilichimbuliwa Januari 1943, ikaruka, haikupita muda ikaangukia baharini, na waliokuwemo wakanusurika.

Na malori? Malori yaliondoka Windhoek, mji mkuu wa kule. Hakuna njia. Yanazama, yanachimbuliwa, yanakwenda kidogo, yanazama. Watu wanatandika walichonacho chini ya magurudumu. Siku kwa siku. Mwisho yakafika, na manusura wa mwisho waliingia Windhoek karibu na Krismasi. Wote waliokuwemo kwenye Dunedin Star waliokoka. Waliokufa ni wale wawili waliokwenda kuwasaidia.

Nilipokisikia kisa hiki nilijiuliza swali la kipishi: watu wale wa malori walikuwa wanakula nini, na nani aliwapikia? Vitabu vinataja makapteni. Anayechemsha maji hatajwi. Lakini nyinyi jueni, msafara hausongi bila yeye.

Kuna jambo jingine, nalo litawagusa vijana mnaotaka kuwa waongozaji.

Mwaka 1890, tarehe 1 Julai, Waingereza na Wajerumani walisaini mkataba. Sisi huku tumeusoma skuli: Mjerumani aliiachia Uingereza Zanzibar, akapewa kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Sultani wetu, Sayyid Ali bin Said, yuko kwenye kiti chake Unguja, na kisiwa chake kinagawiwa Berlin. Hayo mnayajua. Je, mnajua kilichokuwemo tena ndani ya mkataba ule ule? Mjerumani alipewa na ukanda wa ardhi kule Namibia, mwembamba, mrefu, unaokwenda mpaka mto Zambezi. Wakauita Caprivi, jina la kansela wao. Walitaka wafike mtoni, washuke nao mpaka Bahari ya Hindi. Mbele yao kuna maporomoko ya Victoria. Nani alishuka nao? Lori letu linapita ukanda ule, tembo wanavuka barabara, na kila mara nawaambia wageni: hapa mlipokaa na kule mnakokwenda kuogelea, viliandikwa kwenye karatasi moja. Wanashangaa. Na nyinyi mkimpokea mgeni huyo bandarini Malindi, Unguja, si vyema na nyinyi mkajua karatasi hiyo?

Lakini historia ya kule ina kidonda. Mwaka 1904 Waherero, wenyeji wa kule, walisimama dhidi ya Wajerumani waliowatawala, kisha Wanama nao wakasimama. Oktoba ya mwaka ule jenerali wa Kijerumani, von Trotha, akatoa amri ya kuwaangamiza. Waherero walisukumwa jangwani wafe na kiu. Waliobaki wakatiwa kwenye kambi mpaka 1908, Swakopmund kwenyewe, na kisiwa cha Shark kule Lüderitz. Makumi ya maelfu walikufa. Ilikuwa ni miaka ile ile ya Majimaji huku kwetu bara. Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Swakopmund leo ni mji mzuri, una mikahawa na keki, na pembeni yake kuna vichuguu vya mchanga visivyo na jina, navyo ni makaburi.

Kisiwa cha Shark kimefanywa pahala pa kupiga kambi. Watalii wanatandika mahema pale, wanachoma nyama. Tulipofika Lüderitz nafasi yetu ilikuwa hapo. Kiongozi wetu, Mnamibia, akawakalisha wageni, akawaeleza yote, taratibu, bila ya kupandisha sauti, kisha akauliza: tulale hapa? Kulikuwa na Wajerumani wawili ndani ya gari. Mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hapana. Tulilala mjini, ghali zaidi, na kila mtu akachangia. Namna kiongozi yule alivyosema ndiyo namna ninayotaka muongozaji wa kwetu aseme akisimama Mkunazini mbele ya lililokuwa soko la watumwa. Wapo wanaotia chumvi, wapo wanaokimbia kimbia wawahi chakula cha mchana. Mwenzetu alitumia saa nzima, akasema ukweli, akanyamaza.

Na msidhani huko mtakuwa wageni kabisa. Walvis Bay nilikwenda kununua samaki Kuisebmond, mzee muuzaji akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akanijibu, "Habari gani, ndugu?" Kiswahili safi. Alikuwa Kongwa, kule Dodoma, kambi ya wapigania uhuru wa Namibia, wa chama cha SWAPO. Namibia ilipata uhuru 1990, na Walvis Bay yenyewe ilibaki mikononi mwa Afrika Kusini mpaka 1994. Mzee alikataa kupokea pesa za samaki. Nikaziacha chini ya mizani.

Sasa mtaniuliza, sisi tunaingiaje kwenye kazi hii? Nisiwadanganye, malori haya ajira zake wengi wanazipata Nairobi, Arusha na Cape Town, kwa sababu wao ndio wanaojulikana. Sisi Wapemba hatujulikani kwa kuwa hatujaomba. Pasipoti uwe nayo mkononi kabla hujaomba. Usiseme utaikata ukipata kazi, hawatakusubiri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kiingereza cha kuzungumza. Anayetaka kuendesha apate leseni ya magari makubwa na ajifunze ufundi, maana jangwani hakuna fundi wa kumwita. Jeki, spana na nati za gurudumu uzijue kwa giza. Wasichana, msijitoe. Mpishi bora niliyefanya naye kazi ni dada wa Kimalawi, na tairi alikuwa anabadilisha. Mzazi mwenye hofu kuhusu sala na chakula cha mwanawe, tukae baada ya hapa nimweleze ninavyofanya. Na anza karibu: omba wiki moja ya kujifunza kwenye lori linalosubiri wageni wake Dar es Salaam wakati wao wako Nungwi. Mpishi wa lori siku hizo anafanya usafi mkubwa peke yake, mkono wa ziada haukatai.

Nimesema vya kutosha na adhana ya alasiri iko karibu. Maswali. Aanze yule kijana wa mlangoni mwenye kofia ya kijani. Ndiyo, kaka, simba wapo mpaka ufukweni, na huwala sili. Swali jingine?